Kiungo cha Kumi na Tisa

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani wanamwita Kengele. Jina alilipata kwa tabia yake moja: hapaki rangi kabla hajagonga kila kiungo alichochomelea kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kikilia vizuri, anapita. Kikilia vibaya, anakikata na kuanza upya, hata kama mwenye kazi amesimama mlangoni anatoa povu. Nimekuwa msaidizi wake miaka sita, na karibu yote nilikuwa nikimcheka.

Ijumaa ile hakugonga. Tulikuwa tunamalizia ukingo wa chuma wa veranda ya shule, ghorofa ya pili. Mwalimu mkuu alitaka rangi ikauke kabla watoto hawajarudi Jumatatu, na tangu asubuhi alikuwa ametukalia shingoni. Shemeji akatazama saa, akatazama mawingu, akaniambia, "Haya, lete brashi." Nilishangaa, ila nilifurahi pia, maana njaa ilikuwa inaniuma.

Nilikuwa na siri. Jumatano nilisahau kufunika kopo la vijiti vya kuchomelea, mvua ikaniwahi. Kijiti kilicholowa kinachomelea vizuri kwa macho tu. Ndani kinaacha vitobo. Nilivifuta kwa shati, nikafunika kopo, nikanyamaza. Nilijiambia Kengele atagonga, kama kuna ubaya ataukuta mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alifungua kopo karakanani, akaona vijiti vimeota unga mweupe, dalili ya kulowa. Alichukua nyundo akatoka, nami mbio nyuma yake.

"Shemeji, tulia basi! Wiki hii shule inakupa kazi ya jengo lake jipya. Ukienda kusema leo, umejimaliza."

"Watoto wanaingia saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

Akaongeza mwendo.

Mwalimu mkuu alikuwa langoni na watu wawili wa kamati ya shule. Shemeji hakumvuta pembeni. Alisema palepale, wote wakisikia, "Mwalimu, ule ukingo niliupaka rangi bila kuukagua. Naomba watoto wasipande juu mpaka nimalize."

Tukapanda sote. Kiungo cha kwanza kililia vizuri, na cha pili, na cha kumi. Uwanjani watoto walishaanza kujaa kwa kelele zao. Nikaanza kutabasamu kijinga. Cha kumi na tisa kilitoa sauti butu, kama kugonga kiazi. Akakipiga tena kwa nguvu. Nondo ikaachia, ikaning'inia nje, na palipokuwa na chuma pakabaki uwazi wa kumpitisha mtoto mzima. Chini yake ilikuwa sakafu ya saruji.

"Kosa la nani hili?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Langu," alisema shemeji.

Sijui ulimi niliupata wapi. "Vijiti nilivilowesha mimi. Nikaficha."

Nilitegemea anitetee, au anitukane mbele za watu. Yeye akasema tu, "La vijiti ni lako, shemeji, libebe. La kutogonga ni langu. Usinipunguzie."

Nimezeeka kiasi changu na nimeona wakubwa wengi wakitafuta pa kuitupia lawama. Mtu anayeing'ang'ania yake namna ile sikuwahi kumwona. Nilimwogopa, na nikampenda, papo hapo.

Jengo jipya walipewa wengine. Sisi tulikata viungo vyote arobaini na viwili, tukavichomelea upya kwa siku nne, na watoto wakasomea chini ya miti. Siku ya mwisho nilishika brashi kama kawaida. Shemeji akaninyang'anya, akanipa nyundo.

Niligonga kimoja kimoja. Kwenye cha kumi na tisa nilisogeza sikio karibu. Nikagonga, kikalia. Nikagonga tena.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Una hakika?"

Niligonga mara ya tatu. "Nina hakika."

"Basi kawaite watoto wewe," alisema.