Basi la Mama Mkwe

Rajab alinyoa ndevu mara ya pili kwenye choo cha wafanyakazi, maana wembe wa kwanza ulikuwa butu na poda haifichi kila kitu. Zamu yake ya kudeki wodi ilikuwa imeisha saa tatu asubuhi na bado alinuka dawa ya sakafu. Akapaka poda, akachora nyusi, akavaa gauni la satini la zambarau na wigi jekundu, kisha akatoka kwa mlango mkubwa wa hospitali mchana kweupe. Mlinzi aliyezoea kumwona na ndoo alimshikia mlango, akamwita madam.

"Asante, baba," Rajab akamjibu, akaenda zake kusubiri basi la kwenda Stratford.

Kila Alhamisi, kwenye baa moja ya Waingereza huko huko Stratford, Rajab alikuwa Mama Mkwe. Walikuwa wanne, wanaume waliovaa magauni na kuimba: yeye, Mzungu mgawa barua, Mzungu mwalimu, na fundi bomba mmoja Mjamaika. Tangu mwaka 1995, ukimwi ulipokuwa unawamaliza rafiki zao mmoja mmoja, waliimba kuwachangia wagonjwa. Wenzake walizoea kupitisha ndoo mezani. Rajab, mtoto wa Tanga, aliona huko ni kuombaomba. Kwao mwimbaji hutuzwa: mtu anainuka kitini, anakuja mbele akicheza, anampa noti yake huku watu wote wanamwona. Wazungu walipokwisha kufundishwa kutuza, wakawa wanasukumana.

Miaka mitatu ya kutuzwa ikazaa basi dogo jeupe la kupeleka wagonjwa kliniki.

Wa kulipokea alikuwa Justin, Mkongo wa Bukavu, mkuu wa kituo cha wagonjwa. Huyu Justin alikuja baa kila mwezi kuchukua bahasha ya michango, lakini kwa mlango wa jikoni, kofia imeshuka hadi machoni. Hakukosa hata mwezi mmoja. Ila jina la baa wala la Rajab hakulitaka kwenye vitabu vyake, makanisa yanayomfadhili yasije yakauliza maswali. Ndiyo maana aliwaambia: basi nunueni wenyewe, mniletee, nitasema limetoka kwa wahisani. Wakanunua. Kadi ya gari ikaandikwa jina la Rajab, na bima ikakatwa kwa jina la Valeria, dada anayehudumia wazee majumbani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye leseni.

Siku moja kabla ya makabidhiano Justin alipiga simu.

"Rajab, kesho diwani anakuja, na batu ba gazeti. Minakuomba, usikuye. Valeria alete ufunguo tu." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na Deus hatapanda. Hana karatasi ya kukaa hapa. Council ya diwani ndiyo inalipa mafuta, na inasema basi ni ya bale benye karatasi."

Deus wa Bukoba alikuwa amekaa chumba kimoja na Rajab miaka minne. Sasa alikuwa na kilo arobaini na tano, jicho moja limeshakufa, na miadi ya kliniki ya macho saa nane mchana siku ile ile ya makabidhiano. Daktari alisema akiikosa, na la pili litakwenda. Mara ya mwisho kwenda kwa treni alianguka kwenye ngazi za stesheni, watu wakampita kwa kumruka. Rajab alikata simu. Akalitoa gauni la zambarau, akalikunja kwenye mfuko wa kwenda nao kazini.

Kesho yake alipofika na gauni lake, ua wa kituo ulikuwa umejaa. Utepe wa bluu ulikuwa umefungwa mbele ya basi, diwani keshashika mkasi. Valeria alikuwa amemleta Deus mapema, akamketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Kwenye ubavu wa basi Justin alikuwa amebandika karatasi: ZAWADI YA WAHISANI.

Mama Mkwe aliingia akiimba. Ilikuwa sauti ya taarabu, ya kujivuta na kurembua, na maneno aliyatunga palepale kwa Kiswahili, kuhusu bwana mmoja anayelamba sufuria jikoni kisha sebuleni anasema mpishi simjui. Wagonjwa Wakongo na Watanzania wakaangua kicheko. Diwani naye akapiga makofi, hajui anapigia nini.

"Rajab," Justin alinong'ona, meno nje kwa ajili ya kamera. "Tuongee mu ofisi."

"Mafichoni tumeshaongea sana. Leo hapahapa." Akauchukua ufunguo kwa Valeria, akauinua juu. "Unautaka? Cheza uje unituze mbele ya watu. Na Deus umwandike kwenye orodha."

Mpiga picha akasogea. Justin alimtazama diwani, kisha akalitazama lile gauni.

"Sheria si yangu, ndugu yangu. Ni ya council."

"Hata nywele hizi si zangu. Lakini nimezivaa mwenyewe, sijamsingizia mtu."

Justin akapiga hatua moja mbele. Rajab aliiona, na kwa kweli alitamani ifuate ya pili. Haikufuata. Justin alirudi kando ya diwani.

"Valeria, washa gari," Rajab akasema, akamrudishia ufunguo.

Rajab alimshika Deus kwapani, akampandisha. Akageuka. "Nani mwingine hayumo kwenye orodha?" Wakainuka wagonjwa wanne, mama Josée akitangulia na fimbo yake.

"Hii ni basi ya kituo!" Justin akaja mbio. "Nitaita polisi!"

Rajab akachomoa kadi ya gari kifuani, akamshikia mbele ya pua. "Soma jina. Ulitaka lisiingie kwenye vitabu vyako. Halijaingia."

Basi likaondoka, na utepe ukakatwa na bampa. Kwenye kioo Rajab alimwona Justin ameinama anauokota, anauviringisha mkononi. Hakumwonea huruma. Alifurahi, furaha ya roho mbaya, tena tamu, na wala hakujilaumu.

Kwenye taa za barabarani Deus alimgeukia. "Hela ya mafuta council hawatatoa tena. Na kanisani watasema ndivyo mlivyo. Watakuchukia, Rajab."

"Walikuwa wananichukia bure," Rajab alisema, akifuta rangi ya mdomo kwenye meno. "Sasa wana sababu."