Kiti cha Fundi Msasa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Msasa, maana hakuna kiti kilichotoka mikononi mwake kikamkwaruza mtu. Bintiye alikichora kimoja alichokwisha kukitengeneza baba kwenye kompyuta, chenye miguu ya mviringo, akamtumia mnunuzi wa mbali akigeuzegeuze kwenye kioo cha simu yake.

Mnunuzi akapiga simu, sauti yake ikasikika sebule nzima iliyojaa mashangazi waliokuja kutembea. "Mbona miguu ina kona kona kama penseli?"

Mashangazi wakaangua kicheko. "Kumbe siku hizi ni Fundi Panga!"

"Ni kompyuta tu hiyo, baba," alisema binti, naye akicheka. "Nitaiangalia kesho."

Baba hakucheka. "Vidole vyangu vina ganzi siku hizi, mwanangu. Huenda mashine inaona nisichokihisi."

Asubuhi binti aligundua kosa. Alipohamisha faili hakuweka alama kwenye kisanduku cha kulainisha nyuso za mchoro, ndiyo maana miguu ilionekana vipande vipande. Alibonyeza mara moja tu, akahamisha upya, miguu ikawa laini kama yai. Akakimbilia karakanani na simu mkononi.

"Baba, tazama! Kiti chako hakikuwa na kasoro!"

Baba alikuwa ameketi kwenye vumbi la mbao, msasa mkononi. Miguu ya kiti ilikuwa imebaki myembamba kama mwiko. Mashangazi waliomfuata binti na utani mpya midomoni waliumeza.

Baba aliitazama simu.

"Kumbe kilikuwa hivi," alisema. "Kilikuwa kizuri."