Kitufe Kinachoomba

Fundi yule mzee walimwita Milimita, na jina hilo hakulipata kwa mzaha. Alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma kilichotoka kuchongwa, anafumba jicho moja, kisha anasema, "Hapa pamezidi unywele." Ukileta kipimo, unakuta kweli pamezidi unywele. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesimama mbele ya mashine ile ile ya kuchongea vyuma, kubwa kama kabati la nguo, rangi yake ya kijani imebabuka, na meza yake nzito ikisogezwa kwa magurudumu ya mkono. Mkewe alikuwa akiiita mashine hiyo mke mwenza. Mume akichelewa kurudi, alimpokea mlangoni kwa kusema, "Ungelala huko huko kwa bi mdogo, akupe na chakula."

Bosi wa karakana alipoamua mashine ile ifungwe mota na kuendeshwa kwa kompyuta, ni Milimita mwenyewe aliyemtaja mpwa wake, binti wa dada yake, fundi umeme aliyewahi kufunga mashine za namna hiyo katika viwanda viwili. "Kama lazima iguswe," alisema, "basi iguswe na mtu wa nyumbani."

Binti akaja na begi lake la vifaa. Siku ya kwanza aliyafungua magurudumu ya mkono yote matatu. Mjomba akayafunika kwa kitambaa kama maiti, akayatia kwenye droo na kuifunga kwa teke.

"Usinune hivyo, Mjomba," binti akamtania. "Hatuziki mtu."

"Wewe fanya kazi," akasema mzee. "Kununa niachie mimi."

Kazi ilikwenda vizuri. Mota tatu zilikaa mahali pake, nyaya zikapita kwenye mabomba, na sanduku la chuma lenye kompyuta likasimama kando ya mashine na skrini yake ndogo. Jumatatu ndipo alipofungua katoni ya mwisho na kugundua kwamba kontakta haimo. Alikung'uta katoni, akapekua makaratasi, akapiga simu kwa waliouza. Wakakiri wamesahau. Wangeleta baada ya wiki mbili.

Bosi alikuwa mtu wa maneno matamu na mkono wa birika, aliyerithi karakana kwa baba yake. Alimsikiliza huku akitazama simu.

"Kontakta ni nini hasa? Si swichi tu?"

"Ni swichi, Bosi, lakini ndiyo inayokipa nguvu kile kitufe chekundu cha dharura. Ikiwepo, ukigonga kitufe umeme wa mota unakatika pale pale, hakuna mjadala. Isipokuwepo, kitufe kinapita kwenye kompyuta, na kazi yake ni kuomba tu. Kinasema, tafadhali simama. Sasa kompyuta ikiwa imeduwaa, nani atasikia?"

"Na kwa nini iduwae? Si mpya?"

"Bosi..."

"Wageni wanaotaka kutupa kazi wanakuja Alhamisi. Nimewaahidi wataikuta inafanya kazi. Pitisha hicho kitufe kwenye kompyuta, hiyo kontakta ikija utaifunga kwa raha zako."

Akakipitisha. Jioni ile alikuwa ameinama anafunga kifuniko, mashine imewashwa lakini haijapewa amri yoyote, aliposikia kitu kinakwaruza. Meza ya chuma ilikuwa imesogea upana wa kidole, yenyewe, kisha ikatulia. Mjomba, aliyekuwa akifagia upande wa pili, alibaki ameshika fagio.

"Umeigusa?"

"Sijaigusa."

Wakatazamana. Nyuma ya ukuta, mchomeleaji mageti alikuwa ameanza kazi. Mashine yake ilivuma na mwanga wa bluu ulikuwa unamwekamweka kwenye nafasi iliyobaki chini ya bati. Mwanga ulipokatika, meza ilikaa kimya. Mwanga uliporudi, ikaruka tena.

Jumanne nzima binti alishinda chini ya sanduku lile. Alitenganisha nyaya, akazivika upya, akavuta waya mpya wa athi mpaka nje na kuuzika ardhini. Mchomeleaji akachomelea, meza haikutikisika. Akachomelea tena, kimya. Mjomba akapiga makofi, lakini binti hakufurahi. Alikuwa ameziba matundu sita kwa mpigo, na hakujua ni lipi lililokuwa likivuja.

Jumatano mchana Bosi alimwita ofisini, akamsogezea kiti na chupa ya maji baridi, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: fundi kama yeye hapatikani, mjomba wake lazima anajivunia. Kisha akamsogezea karatasi. Ilisema kwamba kazi imekamilika na vifaa vyote vya usalama vimefungwa na kupimwa.

"Hii siwezi kusaini. Unajua hakijafungwa kimoja."

"Wageni lazima waione. Usiposaini, nitamwita yule fundi wa mtaa wa pili."

"Yule? Athi kwake ni mapambo!"

"Ndiyo maana nataka saini yako. Au unataka mjomba wako afanyie kazi mashine iliyofungwa na yule?"

Aliikodolea macho ile karatasi mpaka herufi zikaanza kucheza. Wiki mbili tu, akajiambia. Kontakta itakuja, nitaifunga, na hili litakuwa halijawahi kutokea. Akasaini. Kalamu ilikuwa na wino mwingi, ukamchafua kiganja, na alipojaribu kuufuta ulizidi kutapakaa.

Kutoka hapo alizunguka ukuta, akamwomba mchomeleaji asiwashe mashine yake kesho yake mpaka saa sita. Yule bwana akakubali bila kinyongo. "Saa sita kamili, lakini. Nina geti la mtu."

Alhamisi asubuhi alimwambia mjomba habari za kitufe, yote. Habari za karatasi hakumwambia.

"Nisimame mimi kwenye mashine," akasema. "Wewe kaa pembeni."

"Wewe una watoto wawili wadogo," mzee akamjibu, akivaa koti lake la kazi. "Hii mikono yangu imeshafanya kazi yake. Wewe nenda kasimame kwenye swichi kuu pale ukutani, shika ule mkono wa swichi, usiuachie. Ukiniona tu nimegeuza shingo vibaya, kata."

Wageni walitarajiwa saa nne. Wakaja saa tano na nusu, wawili: mzee mnene aliyekuwa akijipepea kwa bahasha, na mhandisi mwanamke mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Milimita akafunga kipande cha chuma kwenye jiliwa, kile kibano cha juu ya meza, akabonyeza, akarudi nyuma hatua mbili. Mashine ikaanza kutembea yenyewe. Kikatio kililia, maji meupe yakatiririka, meza ikaenda na kurudi bila kusita, na dakika kumi na mbili baadaye kipande kilitoka laini kama kioo. Mzee mnene akapiga mluzi. Bosi alikuwa amevimba kama andazi.

"Tengeneza na kingine!" akasema. "Waone si bahati nasibu."

Milimita akasimamisha kikatio. Kilipotulia kabisa, akalegeza jiliwa, akachukua brashi, akaanza kusafisha vipande vya chuma vilivyosalia. Mhandisi alikuwa amesimama mbele ya skrini.

"Nani amefunga hii?"

"Fundi!" Bosi akaita. "Njoo ueleze!"

Binti akatikisa kichwa, mkono wake ukiwa juu ya swichi.

"Ana haya," Bosi akawaambia wageni, akicheka. "Fundi! Wageni hawa hawana siku nzima!"

Kikatio kilikuwa hakizunguki. Mjomba alikuwa akifagia tu. Binti akaiachia swichi, akapiga hatua nane mpaka mbele ya skrini. Hatua hizo alikuja kuzihesabu baadaye, mara nyingi.

"Nilitaka kuuliza," mhandisi akasema, akigusa kitufe chekundu kwa ncha ya kalamu. "Hiki kinakata umeme wa mota moja kwa moja?"

Binti akafungua kinywa.

"Moja kwa moja," Bosi akawahi kujibu. "Karatasi yake ninayo ofisini."

Ilikuwa saa sita kamili. Ukuta wa nyuma ukavuma. Chini ya bati ukapita mwanga wa bluu.

Namba kwenye skrini ziliganda. Meza ya chuma ikaondoka, si kwa kuruka kama siku ile, bali polepole na kwa uhakika, kama mtu anayejua anakokwenda, ikaubana mkono wa kulia wa Milimita kati ya jiliwa na mwili wa mashine. Mzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wa kushoto, akagonga kitufe chekundu. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu kwa ngumi, na meza ikazidi kwenda.

Binti alizirudia zile hatua nane bila kuhisi sakafu, akauvuta mkono wa swichi kwa uzito wake wote. Karakana nzima ikazima. Katika ukimya ule ndipo walipomsikia mzee anahema.

Lakini meza haikurudi. Umeme ulikuwa umekatwa, na magurudumu ya kuirudishia hayakuwepo. Binti akaipiga droo mpaka ikafunguka, akatoa gurudumu moja, halikuingia. Mota ilikuwa imekaa mahali pa gurudumu. Ikabidi akamate spana, azungushe shafti robo kwa robo, huku mhandisi amemshika mzee kiunoni asianguke. Kila robo mjomba alisema, "Endelea." Alisema hivyo mara kumi na tisa.

Hospitali waliokoa kidole gumba na cha mwisho. Vitatu vya kati vilikwenda.

Kesho yake Bosi alimkuta binti kwenye benchi la nje ya wodi. Akaketi karibu naye, akanong'ona. "Mkaguzi wa kazi anakuja kesho. Tukisema mzee aliteleza, kila mtu anabaki na kazi yake. Ukisema mengine, karatasi ina saini ya nani?"

Binti akainuka, akaingia wodini, akakaa kwenye kona ya kitanda, akamweleza mjomba habari za karatasi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee alisikiliza akitazama dari.

"Kitufe uliniambia," akasema hatimaye. "Nikachagua mwenyewe, silalamiki. Lakini kumbe ulikuwa umeshasaini kwamba hakuna cha kuogopa. Nilidhani tumesimama upande mmoja."

"Mjomba..."

Mzee akageukia ukutani.

Mkaguzi alipokuja, binti alimwambia yote, bila kujipunguzia wala kumwongezea Bosi. Mhandisi naye alieleza alichouliza na alichojibiwa. Karakana ikafungwa, na Bosi akapelekwa mahakamani. Binti akanyang'anywa leseni kwa mwaka mzima. Kwa mjomba aliendelea kwenda kila Jumapili. Mzee alikuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na walizungumza, kidogo kidogo, habari za watoto na za mvua. Mke wa mjomba hakuwahi kumgombeza. Alimpa kiti, alimpa chai. Ila zamani alikuwa akimwita mwanangu. Siku hizi alimwita Fundi.

Mwezi wa nne akasikia kwamba mashine imeuzwa. Siku mbili alizunguka akiulizia, mpaka akaipata ng'ambo ya reli, katika karakana ya ndugu wawili wapole waliomkaribisha vizuri. Ilikuwa imepakwa rangi mpya. Ilikuwa imewashwa, inachonga.

"Zimeni," akasema, kabla hata ya salamu.

Wakaizima, wakamsikiliza. Aliwaeleza kilichotokea, na kwamba ni yeye aliyeifunga. Mkubwa wao akaguna kwa huruma, akauliza hali ya mzee. Akaahidi hawataigusa mpaka ifungwe kontakta. Mdogo akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru sana.

Alikuwa hajamaliza kuupita uzio wa karakana ile aliposikia kikatio kinaanza kulia tena nyuma yake, taratibu, kisha kwa nguvu. Akasimama katikati ya njia. Watu wakampita huku na huku. Kisha akageuka, akaanza kukimbia, macho yake yakitafuta nguzo ya umeme na waya unaoingia ndani.