Ulimi wa Dada

Dada alikishika kikombe cha chai juu, mbali na mkono wa mdogo wake, akasubiri. Mkono wa pili ulikuwa bado juu ya pasi, na mezani shati la mtu lilikuwa limelala kifudifudi, kola ikifuka mvuke.

"Omba tena," alisema. "Umelitia mkia."

Kitinda akaomba tena. Ilikuwa sentensi fupi tu ya Kiingereza, ya kuomba chai, lakini kila neno lilimtoka likiburuta kijisauti cha ziada mwishoni, kama alivyozoea kuyamaliza maneno yake yote tangu ajue kusema. Dada alitikisa kichwa, akanywa funda moja kutoka kwenye kikombe kile kile, tena kwa makusudi, akakipandisha juu zaidi.

"Neno likiisha, limeisha. Funga mdomo, achana nalo. Wewe unalisindikiza mpaka njia panda!"

"Dada, chai inapoa."

"Ipoe. Mwalimu wangu mimi alikuwa na miaka minne, na hakunihurumia."

Huo haukuwa utani. Dada alikuwa amelea mtoto wa wageni waliokuja mjini kikazi, na mtoto mwenyewe alikuwa hakimu aliyezaliwa kabla ya wakati. Ukimwita kwa matamshi yasiyompendeza hageuki. Ukimsimulia hadithi kwa lafudhi ya kwenu anaziba masikio na kuangua kilio mpaka mama yake atoke chumbani kuuliza kulikoni. Dada, aliyeitaka kazi yake, alinyoosha ulimi akanyooka nao. Wageni walipofunga virago walimwachia masufuria mawili na Kiingereza ambacho, ukikisikia ukiwa umefumba macho, ungeapa kimetoka ng'ambo. Kukisoma sasa, hapo ndipo mambo yalipomwendea kombo. Aliacha shule darasa la tano, mama yao alipofariki na kumwachia kichanga mikononi. Kichanga chenyewe ndicho Kitinda, kitinda mimba, na jina likamganda.

Sasa Dada alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na Kitinda alikuwa na vyeti. Alisoma na kuandika Kiingereza bila kubabaika. Tatizo lilikuwa kufungua mdomo. Mara mbili alishafika kwenye usaili, na mara zote mbili aliwaona wasaili wakitazamana mara tu aliposalimia, kisha wakamwuliza maswali mepesi mepesi ya kumuaga mgeni. Alirudi nyumbani akiuchukia ulimi wake kama mtu anavyomchukia ndugu aliyemwaibisha hadharani. Alikuwa amekula kiapo kwamba akipata kazi, Dada ataiweka pasi chini, na kiapo hicho kilianza kumwelemea.

Ndipo ikaja ile simu. Kampuni iliyohudumia wasafiri waliopatwa na shida ugenini ilitaka watu wa kupokea simu, na meneja wake alipiga asubuhi, bila taarifa, ili amsikie mwombaji kabla ya kumwona. Kitinda alisikia sauti nene ikimsalimu kwa Kiingereza, akaishusha simu sikioni. Alimtolea Dada macho. Dada akaiweka pasi kando, akamnyang'anya simu, akaanza kujibu.

Alijibu kila kitu. Alijitia ndiye mwenye vyeti, akasema yote aliyoyasikia Kitinda akiyakariri usiku na mchana. Meneja akatupa mzaha, na Dada, aliyekuwa amejisahau kabisa, akacheka kicheko chake kile cha kuanzia tumboni na kupanda ngazi hadi puani. Upande wa pili meneja naye alicheka. Alisema baada ya wiki tatu angependa kumwona mwenye kicheko hicho ana kwa ana.

Simu ilipokatika, walitazamana.

"Umeniua," Kitinda alisema.

"Nimekuzaa upya. Wiki tatu zinatosha."

Hivyo ndivyo duka la dobi lilivyogeuka darasa. Hakukuwa na kitabu. Dada alifundisha kama alivyofundishwa: hakujibu alichoambiwa mpaka kisemwe sawasawa. Kitinda aliomba njia, akaomba maji, akaomba ruhusa ya kwenda msalani akiwa amebana miguu, na mwalimu wake akaendelea kunyoosha mikono ya mashati kama kiziwi. Alilia mara moja. Alitukana mara moja, kwa Kiingereza, na Dada akasema tusi limetamkwa vizuri kuliko salamu zote za juma lile. Taratibu mambo yakabadilika. Maneno yakaanza kukatika pale yalipotakiwa kukatika. Siku moja mteja aliyekuwa amesimama nje aliita, "Dada wa pasi!" akidhani ndiye anayezungumza, na kumbe alikuwa mdogo mtu. Kitinda alifurahi. Furaha hiyo ilikuwa na kijiwoga ndani yake, lakini hakukipa nafasi.

"Na kicheko je?" aliuliza siku ya mwisho.

Dada alicheka ili amwonyeshe. Kitinda akajaribu, kikatoka kikohozi. Wakajaribu tena, kikawa kibaya zaidi.

"Hicho nimezaliwa nacho," Dada alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Omba asilete mzaha."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne. Nyuma ya ukuta wa kioo watu kadhaa walikuwa wamevaa vipokea sauti masikioni, midomo ikiwachezacheza bila kusikika. Meneja alikuwa na kipara na miwani aliyoisukuma juu kila alipozungumza. Kando yake alikaa afisa utumishi, mama mkimya aliyekuwa akizungusha kalamu vidoleni.

"Hatimaye!" alisema meneja kwa Kiingereza. "Mwenye kicheko chake."

Kitinda alisalimia. Maneno yalitoka yamekatwa vyema, na meneja akainamisha kichwa kama mtu anayeonja chumvi. Maswali yakaja, akayajibu. Lilikuwa jambo la ajabu, na la kutisha kidogo, kumsikia Dada akizungumza ndani ya kinywa chake mwenyewe. Ulimi haukuteleza hata mara moja.

Kisha meneja akaegemea kiti, akaleta mzaha. Alisimulia habari za abiria aliyepiga simu akilia kwamba amepoteza miwani, na sasa hawezi kusoma namba ya kupigia msaada.

Akasubiri.

Kitinda alijua anasubiri nini. Alifungua mdomo na kuona hakuna kitakachotoka isipokuwa kile kikohozi, akaufunga, akatabasamu. Kalamu ya yule mama ikaacha kuzunguka.

"Kwenye simu ulicheka," meneja alisema. Hakuwa anauliza.

"Kwenye simu nilikuwa sikuoni, bwana. Leo nakuogopa."

Walitazamana, meneja na mama wa kalamu. Kitinda aliyajua macho hayo, alishayaona mara mbili. Lakini meneja akapasuka kwa kicheko, na mama naye akatabasamu, na kalamu ikarudi kwenye mizunguko yake.

Baada ya hapo walimwigizia mteja mkali, akamtuliza. Walimpa karatasi ya kusoma, akaisoma. Meneja alifunga jalada.

"Kazi ni yako," alisema. "Ila nina jambo moja. Hawa unaowaona nyuma ya kioo ni wazuri, lakini wateja wanawakatia simu. Nimeleta walimu wa matamshi, wamefundisha kanuni zao wakaenda zao, na hakuna kilichobadilika. Wewe hujawahi kutoka nje ya nchi, na unazungumza hivi. Nani amekufundisha? Mtu huyo namtaka. Hata kama hana cheti, nitampa darasa kuanzia kesho."

Kitinda alimwona Dada katika chumba kile. Alimwona amevaa gauni lake la maua, amewasimamisha watu wazima na vyeti vyao, asiwajibu mpaka waseme sawasawa. Alimwona mikono yake haifuki mvuke. Halafu akamwona meneja akimkaribisha kiti na kuleta mzaha wake wa miwani, kwa kuwa watu wa namna ile hurudia mizaha yao, na Dada akijisahau, akicheka kicheko kile kile cha kwenye simu. Kalamu ingesimama, na safari hii isingezunguka tena. Wangewafukuza wote wawili.

Aliwaza pia kwamba mshahara wake ungetosha kumtoa Dada kwenye pasi. Aliliwaza hilo haraka, kabla ya kujibu, ili awe ameshaliwaza.

"Nilijifunza mwenyewe," alisema.

Aliitamka vizuri kuliko sentensi zote alizosema siku ile. Meneja akasimama, akampa mkono.

"Basi darasa ni lako."

Dada alipomwona mlangoni hakuuliza kwa mdomo. Kitinda aliitikia kwa kichwa, na Dada akapiga kelele, akamkumbatia, akamzungusha kati ya marundo ya nguo mpaka dobi akafoka kutoka nyuma kwamba wanamuunguzia mashati ya watu. Dada aliisimamisha pasi, akavuta kigoda.

"Nieleze yote. Alitania?"

"Alitania."

Kitinda alimweleza kuhusu miwani, na alivyojinasua. Dada alicheka hadi machozi yakamtoka, akijipiga paja, na Kitinda akatazama sakafuni. Alitamani aache kucheka, na papo hapo akajichukia kwa kutamani hivyo.

"Na matamshi je? Hawakuuliza umeyatoa wapi?"

"Waliuliza."

Dada akaiweka sawa leso yake ya kichwani, kama anayetaka kupigwa picha. "Ukasemaje?"

"Nilisema nimefundishwa na dada yangu."

Dada alizitazama nyayo zake, kisha mikono yake.

"Ulisema hivyo? Mbele yao?"

"Mbele yao."

"Wakasemaje?"

"Wakasema hongera."

"Hongera tu?"

"Hongera tu."

Dada aliitikia kwa kichwa, taratibu, akafuta macho kwa upindo wa gauni. "Inatosha. Watu wakubwa kama wale, hongera yao si haba." Aliinuka, akavuta shati jingine, akalinyunyizia maji. "Kesho ukifika uwaambie kwamba dada yako anawashukuru sana. Usisahau, mdogo wangu."

"Sitasahau."

"Kwa Kiingereza, siyo unifikishie shukrani zangu kwa lafudhi ya sokoni. Hebu sema nikusikie."

Kitinda alisema. Maneno yakatoka mazito. Dada alishusha pasi kwenye shati, akatikisa kichwa.

"Tena."

Akasema tena.

"Tena. Mbona unatetemeka? Si umeshapata kazi?"

Akasema mara ya tatu, polepole, na safari hii hakukosea popote.

"Hapo sawa," alisema Dada, akaligeuza shati upande wa pili.