Kanyaga, Shikilia

Paipu ya breki ilikuwa imeshakatwa, imekunjwa vizuri kufuata ekseli, na mdomo wake umeshapanuliwa, ndipo Mama Spana alipoiona nati bado iko juu ya meza. Nati huvishwa kwanza, mdomo hupanuliwa baadaye. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa chini ya magari. Alijitukana kimoyomoyo, akaukata ule mdomo, akavisha nati, akaanza upya.

Hasira ndiyo iliyomsahaulisha, na aliyemtia hasira alikuwa amekaa kivulini anachezea simu: mkaguzi wa magari, mzima mzima. Alikuwa amehamia nyumba ya mlimani, sasa anataka breki za nyuma zitolewe zile za ngoma, ziwekwe za diski. Mteremko ule si wa mzaha, alisema. Kumbe anajua! Mkuki kwa nguruwe, wahenga hawakukosea.

Miaka miwili nyuma mkaguzi huyuhuyu alilipitisha lori la mchanga bila kunyanyuka kitini. Wiki tatu baadaye, stika bado inang'aa kiooni, lori likakosa breki kwenye mteremko wa soko, likamkuta mdogo wake Mama Spana, fundi cherehani, anachagua nyanya. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Dereva alifungwa. Mkaguzi akapandishwa cheo. Wala leo hakumkumbuka dada mtu aliyeshinda siku tatu kwenye benchi la ofisi yake akiomba kusikilizwa. Kwake alikuwa fundi tu.

Alipoifunga paipu, ikawa fupi kwa upana wa kidole. Ukiivuta, inafika. Imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, lakini inafika. Miezi miwili ya mtikisiko ingeipasua pale kwenye nati, na nani angejua? Mwenyewe asingeinama kutazama. Kuinama si kazi yake. Mama Spana alilala chini ya lile gari akiikodolea macho, moyo unamwambia iache. Mungu amsamehe, alitamani kuiacha.

Kilichomzuia si huruma. Gari likikosa breki halimfuati mwenye kosa. Linamfuata aliyesimama kando ya barabara na kikapu chake. Aliifungua, akaitupa, akakunja nyingine, nati kwanza.

Ikabaki kutoa upepo ulionaswa ndani ya paipu za breki. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali, mmoja chini. Siku zote humwita mchomeleaji wa jirani. Leo alimwita mkaguzi.

"Ingia, mkuu. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shikilia, unashikilia."

Mkaguzi akaingia, na shati lake jeupe. Akakanyaga, akashikilia. Mama Spana akalegeza nati ya upepo, na pedali, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo, ikazama hadi sakafuni.

"Fundi, imezama. Haishiki." Mkaguzi wa breki, na hajawahi kutoa upepo maishani!

Angeweza kumwambia ndivyo inavyokuwa. Hakumwambia.

"Ndivyo alivyosikia dereva wa lori la mchanga," alisema kutoka chini. "Mteremko wa soko. Ile stika, saini uliweka wewe. Aliyekatwa mguu ni mdogo wangu. Kanyaga."

Mkaguzi angeshuka, lakini angeenda wapi? Gari liko juu ya stendi, halina magurudumu ya nyuma wala breki. Akakanyaga. Upepo uliisha mapema, Mama Spana akaendelea kanyaga, shikilia, kanyaga, mpaka shati likaganda mgongoni na goti la mkuu likaanza kutetemeka. Breki zilishika sawasawa. Mkaguzi aliondoka bila kuaga.

Kesho yake wakaja vijana wake wawili. Mmoja alibaki garini, mwenzake akabandika karatasi mlangoni. Hakuna aliyechungulia ndani. Gereji imekaguliwa, haifai, ifungwe. Saini ileile.

Mama Spana alihamishia jeki zake uani kwa mchomeleaji. Jioni akamsimulia mdogo wake yote, hata ile paipu fupi. Mdogo wake alikuwa anashona, siku hizi cherehani anaizungusha kwa mkono.

"Alikanyaga mara ngapi, dada?"

"Tisini hivi."

"Kwa mguu wa kulia?"

"Wa kulia."

Mdogo wake alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ungemfikisha mia."