Treni Inayotembea kwa Mikono

Jana usiku usingizi ulinichukua mapema, nikaota treni imekuja kwenye mkutano wetu wa hadhara hapa Manyoni. Ilichelewa kidogo, ikaomba radhi, ikakaa kwenye kiti cha plastiki. Kiti hakikuvunjika.

Mkutano wenyewe si wa ndoto. Unafanyika leo mchana, kudai treni ya abiria ya kwenda Singida, nami nilishaapa sifungi saluni yangu kwa ajili ya porojo. Lakini mama yangu yuko Singida, na basi hapandi. Akishakaa tu kwenye siti anatapika hadi nyongo. Binti yangu Zaituni ana miaka miwili, naye basi linamtapisha vilevile, na bibi yake hajawahi kumshika. Hilo linaniuma.

Basi, kule ndotoni, mbunge wetu, Mheshimiwa Mpondo, anasimama. "Ndugu treni, tatizo ni bajeti."

"Bajeti naifahamu, Mheshimiwa," treni inajibu kwa upole. "Ila mimi natembea kwa mikono. Kila anayenitaka anyooshe mkono wake juu."

Tunanyoosha. Treni inaanza kujikongoja! Sote tumo ndani, pamoja na viti na spika za muziki. Mkono wa Mheshimiwa umefika begani tu. Anaangalia wengine kwanza. Mzee Senge, mwenye mabasi, ameukalia wake.

"Mzee Senge, utatuchelewesha," namwambia.

"Mimi nina biashara, mwanangu." Anajikunyata, jasho linamtoka. "Hivi humu mna choo?"

"Kipo," inasema treni. "Na maji yanatoka."

Mkono wa Mzee Senge unapaa wenyewe. Mheshimiwa naye anamalizia wake. Sasa tunakwenda, jamani! Mbuzi waliozoea kulala relini wanakunja mikeka yao na kututakia safari njema. Behewa linageuka saluni yangu, namaliza kumsuka mteja kwa mkono mmoja, kisha linarudi kuwa behewa.

Singida inaonekana. Treni inasimama hatua chache kabla ya kituo.

"Bado mkono mmoja," inasema.

Mama yuko kituoni, kajitanda kitenge, mikono kaifumbata kifuani.

"Mama! Nyoosha mkono!"

"Kwani na mimi nahesabiwa?"

"Mama," inasema treni, "tulikuwa tunakungoja wewe."

Mama ananyoosha. Honi inalia, watu wanashangilia, nami nalia kwa furaha. Namtoa Zaituni dirishani, vidole vya bibi yake vinamfikia, na hapo hapo nikaamka.

Simu ilikuwa inaita. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, leo mkono wa kulia sina. Nimeamka nimeunyoosha juu, umekufa ganzi, hata mwiko haushiki." Kisha akauliza, "Ule mkutano wenu ni saa ngapi?"

Saluni leo haifunguliwi. Zaituni nimembeba mgongoni, ili mikono yangu yote miwili iwe huru.