Nchi Iliyoitwa Syokau

Mume wangu Mwangangi hakukubali kamwe kuhifadhi mchezo wetu wa kompyuta kwa nambari. Nilimwambia tangu mwanzo: andika VITA1, kesho VITA2, ili stima ikipotea au ukishindwa uwe na pa kurudia. Mimi ni mtu wa kupiga taipu, ofisi yangu ilikuwa pale Sultan Hamud karibu na stesheni, na kazi hiyo inakufundisha kutoamini kitu kisicho na nakala. Akanijibu, "Mutindi, hawa ni watu. Si ng'ombe wa chanjo wa kupigwa nambari." Mwalimu wa jiografia akishaamua jambo, hata umpeleke kwa hedimasta habadiliki.

Huo ulikuwa mwaka wa 1996. Kompyuta tulikuwa nayo moja, ya mtumba, na ikiwaka ilinguruma kama mashine ya kusaga unga. Mchana nilipiga taipu barua za watu na kadi za harambee. Saa kumi na moja jioni nilifunga mlango, Mwangangi akafika kutoka shuleni, tukakaa mbele yake saa moja kabla ya kwenda kupika. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kujenga nchi. Unaanza na familia moja kwenye ramani nyeusi, unalima, unachimba visima, unajenga miji, unapigana na majirani wakikuchokoza. Ukichoka unaihifadhi nchi yako kwa jina, na kesho unaifungua kwa jina hilohilo. Jina lisizidi herufi nane. Mwangangi alijaribu lake, likakatwa mkia, nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Basi akatumia majina ya wazee. Nchi ya kwanza akaiita KIEMA, jina la marehemu baba yake. Ya pili SYOKAU, jina la mama yake. Ya tatu MULI, baba yangu, na ya nne KALUKI, mama yangu. Mkamba yeyote ataona mara moja tulichokuwa tukifanya, maana watoto wetu hupewa majina kwa mpangilio huo, wazee wa upande wa mume kwanza, kisha wa mke. Sisi tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya kompyuta. Alichapa jina, akanitazama, nikampapasa mgongo, tukaendelea kuchimba visima.

Mama mkwe wangu, Syokau mwenyewe, aliishi Mukuyuni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kanisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Mwezi wa nne mwaka huo alikuja nyumbani, akakataa chai, akasema alichokuja kusema.

"Mimi nakaribia kwenda, na hakuna mtoto hata mmoja anaitwa Syokau. Kule Mutomo kuna msichana mzuri. Nimeshapeleka mbuzi wawili, wa kubisha hodi tu. Mvua ya Novemba ikianza nataka jibu."

Nilimuuliza pasta wake angesema nini kuhusu mke wa pili. "Pasta ana watoto saba," akajibu.

Mwangangi alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema la. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia mama yake, kwa sababu mama alikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo. Nilimwambia wazi kwamba siku msichana wa Mutomo akiingia kwa mlango, mimi nitatokea dirishani. Nilisema kwa ukali, lakini ukweli ni kwamba nilimpenda sana mtu yule, na nilikuwa naogopa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita mama alipita ofisini kwangu bila kutarajiwa. Mwangangi alikuwa ameacha kompyuta ikiwaka, orodha ya nchi zetu iko wazi kwenye kioo, akaenda kunyoa. Mama akainama. Alisoma polepole, kidole hewani, kama anavyosoma kitabu cha nyimbo.

"Huyu ni nani ameandikwa jina langu?"

Nilitamani kudanganya, nikashindwa. Nikamwambia ni nchi, mtoto wake ndiye aliyeianzisha akaipa jina lake. Nikaifungua. Nilingoja matusi, kwamba wenzetu wanalea sisi tunacheza. Yeye alitazama tu vile vinyumba, vijito na watu wadogo wanaotembea na majembe.

"Mvua iko huko?"

"Upande huu inanyesha, mama. Huku ni kukavu."

"Na watu wanakula nini?"

"Ghala ni tupu. Wamelalamika miaka mitatu sasa."

Akavuta stuli akaketi. "Mnapigana vita na watu wana njaa? Jenga ghala. Wacha, si hapo, hapo maji yatapita! Weka juu kidogo."

Tukajenga ghala. Kufikia saa tisa watu wa Syokau walikuwa wameacha kulalamika, na mama alikuwa amesahau kilichomleta.

Kuanzia siku hiyo hakukosa Jumamosi. Alijifunza kushika kipanya, kwa upole, kama mtu aliyeshika kifaranga. Aliwafukuza kazi wanajeshi wote wa Mwangangi akawapa majembe. Alichimba visima hata pale ambapo mchezo haukudai kisima, kwa sababu mtu wa kwetu Makueni anajua ukame hauombi ruhusa. Wafalme wa jirani waliotaka vita aliwapelekea mahindi wakatulia. Alikuwa akiingia mlangoni anauliza kwanza, "Syokau hajambo?" ndipo anisalimie mimi. Akaanza kuniletea kunde na ndengu. Siku moja aliniona nikinyoosha mgongo, akaniambia nipumzike, kazi haiishi. Nilikwenda nyuma ya pazia nikajifuta macho. Ila habari ya Mutomo hakuigusa, na mimi sikuthubutu kuiuliza.

Nilijaribu kumshawishi tuweke nakala. "Mama, tuhifadhi pia SYOKAU2, ikitokea shida."

"Kwani mimi niko wangapi?" akauliza. Nikajua Mwangangi alikorithi.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba mawingu yalikuwa yamekaa mazito upande wa Kitui. Nchi ya Syokau ilikuwa na miji ishirini na mmoja. Kaunta ilikuwa na mteja, Abdulkadir wa duka la vipuri, aliyetaka kadi za harusi ya binti yake. Nilikuwa nampimia karatasi wakati mama alipoanza kuongea na kompyuta nyuma yangu.

"Syokau amekuwa mtu mzima," alikuwa akisema. "Sasa anataka mjukuu wa kubeba jina lake."

Alianzisha nchi mpya peke yake. Kufikia wakati huo alijua njia yote. Familia moja, kibanda kimoja, ramani nyeusi. Kisha akaita, "Mutindi, nimempa jina, sasa mashine inaniambia hili jina lina mwenyewe."

"Ngoja, mama! Usiguse kitu, nakuja."

"Ningoje nini? Mwenyewe si ndiye mimi? Nimekubali apewe." Akabonyeza.

Nilisikia ile sauti ya mashine ikiandika ndani yake, kr, kr, kr. Mkasi ukanitoka mkononi. Mama alikuwa ameshaanza kuifungua ile nchi kubwa, nadhani ili aione ikiwa na mjukuu wake. Kwenye orodha kulikuwa na Syokau mmoja tu. Akaifungua, ikatokea familia na kibanda. Akaifunga, akaifungua tena. Mara ya tatu akageuka kunitazama.

"Watu wangu wako wapi?"

Abdulkadir alikuwa mtu mwenye adabu. Aliona nyuso zetu, akasema kadi zinaweza kungoja Jumatatu, akatoka akirudisha mlango taratibu.

Nilichuchumaa kando ya stuli. "Mama, kwa mashine hii jina moja halibebi watu wawili. Ukimpa mdogo, yule mkubwa anaondoka."

"Lakini kwetu ukimpa mdogo, mkubwa ndiyo anabaki."

"Najua, mama."

"Mrudishe."

"Siwezi. Hatukuwa na nakala."

Ningeweza kufurahi. Mwanamke huyu alikuwa amenitafutia mke mwenza, na mvua ilikuwa wiki moja mbele. Badala yake nilianza kulia, na si kilio cha heshima, kile cha mabega. Nilikuwa nayaona yale maghala ya juu, vile visima visivyohitajika, Jumamosi zote zile tulizokaa magoti yakigusana.

"Wewe unalia nini?" akauliza. "Si ni mimi nimefuta?"

"Nalilia Syokau."

Nje lori liliingia kituoni likazima injini. Mama akageukia kioo, ambako yule mtu mmoja wa nchi mpya alikuwa amesimama kando ya kibanda, hana jembe.

"Nimemtoa aliyekuwepo," akasema polepole, "nikaweka mwingine ambaye hata kisima hana." Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito na wa moto. "Na nilikuwa karibu kufanya hivyo mara mbili."

Niliogopa nikisema neno ataondoa mkono.

"Fungua ile ya kuandika barua," akasema baadaye.

Nilifunga mchezo, nikaketi, nikajifuta macho kwa kanga. Akaniamuru niandike kwa mama wa yule msichana, kule Mutomo. Salamu nyingi kwanza, na habari ya kanisa, maana mama hakuandika barua kavu. Halafu: asiendelee kungoja. Msichana akipata mtu mzuri aende kwa baraka. Mwanangu Mwangangi ana mke, na mke huyo ni mtoto wangu.

Vidole vyangu, vinavyopiga taipu bila kutazama kwa miaka kumi na minne, vilikosea neno "mtoto" mara tatu.

"Na mbuzi, mama? Tuseme warudishe?"

"Mbuzi wale, kama hawajawachinja mpaka leo, hao watu ni wajinga. Wacha mbuzi."

Niliisoma barua yote kwa sauti. Akaridhika. Kabla ya kuichapisha nilitaka kuihifadhi, maana stima ilikuwa imeanza kupepesa, na mashine ikauliza jina.

"Tuiite nani, mama?"

"Iite Mutindi," akasema, kana kwamba lilikuwa swali la kijinga.

Nikaandika herufi saba, nikabonyeza. Mashine haikuuliza kitu. Hakukuwa na mwingine wa jina hilo.